Jina la Ndege ni Ahadi

Tarehe 8 Oktoba 2021 zilitua katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume ndege mbili mpya za aina ya Airbus A220-300, mali ya Serikali, zilizoletwa ziendeshwe na Shirika letu la Ndege. Moja ilipewa jina la Tanzanite na ya pili jina la Zanzibar. Wananchi wa Visiwani walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini jina likishaandikwa ubavuni mwa ndege, heshima ya wenye jina huwa imo safarini pamoja na abiria. Kwa hiyo ni wajibu wetu kuuliza jina hilo linatudai nini.

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza mwaka 1946, lilianguka mwanzoni mwa 1977, siku zilezile TANU na ASP vilipokuwa vikiungana kuzaa Chama Cha Mapinduzi. Mwezi Machi mwaka huo Tanzania ikaunda shirika lake. Simba wa Afrika Mashariki akatoweka, na twiga akawa alama yetu. Twiga huyo ameona mengi: ubia na Shirika la Ndege la Afrika Kusini tangu 2002 hadi 2006, kisha miaka ya uhaba mkubwa wa ndege, mpaka Serikali ilipoanza kulifufua shirika mwaka 2016 kwa kununua ndege mpya.

Leo anga ya Zanzibar ina washindani wengi. Mwaka 2023 visiwa hivi vilipokea watalii zaidi ya 600,000, na mwaka 2024 zaidi ya 700,000. Wengi wao huletwa na mashirika ya kigeni, yakiwamo ya Ghuba, Uturuki na Ethiopia, ambayo mitaji yao ni mikubwa na majina yao yanajulikana dunia nzima. Kutaka kuyashinda kwa rangi na matangazo ni kujichosha bure. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tutazame jirani yetu. Shirika la Ethiopia liliundwa mwaka 1945, na safari yake ya kwanza, ya kwenda Cairo, ilifanyika Aprili 1946. Nguvu yake haikutokana na kuruka mbali tu. Ndege zake huwakusanya abiria kutoka miji mingi ya Afrika, huwafikisha Addis Ababa kwa saa zinazopatana, kisha huwapakia katika ndege kubwa ziendazo ng'ambo. Njia fupi huilisha njia ndefu. Ndege kubwa isiyolishwa huruka na viti vitupu, na gharama zake hubebwa na mwananchi.

Sisi nasi tunazo safari za mbali, kama vile Mumbai, Guangzhou na Dubai. Lakini msafiri anayefika Dar es Salaam kutoka Mumbai akakuta ndege ya Unguja imekwisha kuondoka, hana haja ya uzuri wa twiga. Atashuka bandarini kutafuta boti, na safari ijayo atakata tikiti kwingine. Na mgonjwa wa Pemba anayetakiwa hospitali ya Bara hapimi shirika kwa nembo yake, bali kwa saa.

Hatusemi haya kwa kubeza juhudi zilizofanywa. Baadhi ya Airbus hizo zilikaa chini kwa hitilafu za injini zilizoyakumba pia mashirika ya nchi nyingine. Hata hivyo, hesabu hazina haya. Mkaguzi Mkuu alitaja hasara ya shilingi bilioni 56.6 kwa mwaka 2022/23, na bilioni 91.8 kwa mwaka uliofuata. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ulilifungia shirika letu anga yake kwa sababu za usalama, na Juni 2025 ukayajumuisha mashirika yote yenye leseni ya Tanzania. Doa la namna hiyo halifutwi kwa rangi mpya. Hufutwa kwa wakaguzi wenye ujuzi, kwa mafundi waliofunzwa vyema na kwa vipuri vinavyofika kwa wakati.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wanaohusika watangulize mambo matatu. Kwanza, usalama na matengenezo. Pili, ratiba inayofungamanisha Unguja na Pemba na safari za Bara na za nje. Tatu, kila njia mpya ipimwe kwa abiria na mizigo iliyopo, wala isifunguliwe kwa ajili ya sherehe ya uzinduzi.

Tuliosoma chuoni tulifunzwa tangu udogoni kwamba ahadi ni deni. Ndege iliyoandikwa Zanzibar inalilipa deni hilo kila inapoondoka kwa saa iliyotangazwa, na kila inapochelewa bila ya maelezo, deni linakua.