Tusichume Kitale Tukitaka Nazi

Baada ya sala ya alasiri viwanja vya Mnazi Mmoja hujaa watoto. Hapana mwamuzi wala filimbi. Magoli ni mawe mawili, mpira mara nyingi ni wa matambara, na mtoto wa miaka 6 huchanganyika na wa miaka 12. Bao likibishaniwa, hubishaniwa kwa makelele, kisha mchezo huendelea. Inapoadhiniwa magharibi kila mmoja hurejea kwao, na aghalabu hata hesabu ya mabao imekwisha kusahauliwa.

Hali huwa nyengine pale wakubwa wanapoingia kati wakiwa na kombe mkononi. Mtoto wa miaka 8 aliyejaliwa kimo hucheza dakika zote. Mwenziwe mwenye umbo dogo huvishwa jezi, huketi pembeni mpaka filimbi ya mwisho, na hurejea kwa mama yake na jezi safi kama alivyoivaa. Mara ngapi tumemwona mtoto huyo, tukampita bila ya kumtazama usoni?

Swali hili linawahusu wazazi, walimu na viongozi wa michezo katika visiwa vyetu: mtoto aanze lini kuingizwa katika mashindano ya mpira wa miguu? Maoni yetu ni haya. Mpira na auanze mapema kadiri apendavyo. Lakini ligi yenye msimamo wa pointi, kombe, na kuchagua wachache na kuwaacha wengi, ingoje mpaka mtoto akaribie kutimiza miaka 12.

Wapo watakaotujibu kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo tunaikubali. Mtoto anayeuzoea mpira mguuni tangu utotoni hupata wepesi ambao mtu mzima haupati tena kwa urahisi. Ila kukunja si kuvunja, na mtoto huzoea mpira kwa kuugusa mara nyingi, si kwa kuketi pembeni akiwatazama wenziwe.

Tuanze na mwili. Mifupa ya mtoto hurefuka kutoka katika sehemu laini za gegedu zilizo karibu na ncha zake, na sehemu hizo hazijawa ngumu mpaka ukuaji ukome. Kano zinapovutwa mno kwa kukimbia na kupiga mpira bila ya mapumziko, sehemu hizo huumia. Maumivu ya goti yatokanayo na sababu hiyo yalielezwa mwaka 1903 na madaktari wawili, Osgood na Schlatter, na yale ya kisigino yalielezwa mwaka 1912 na daktari Sever. Dawa kubwa ya maradhi hayo ni kupunguza mazoezi na kupumzika. Lakini ni mwalimu gani atakayempumzisha mfungaji wake ilhali fainali ni Jumapili?

Pili, tutazame hesabu ya umri. Tuseme mashindano ni ya watoto waliozaliwa mwaka mmoja, kuanzia Januari mpaka Disemba. Wa Januari anamzidi wa Disemba kwa takriban mwaka mzima, na kwa watoto wa miaka 8, mwaka mmoja ni sehemu ya nane ya maisha yao yote. Mwalimu anayetafuta ushindi wa leo humchagua wa Januari, akidhani amechagua kipaji, kumbe amechagua miezi. Jambo hilo lilionyeshwa mwaka 1985 na mtaalamu Roger Barnsley wa Canada, alipochunguza tarehe za kuzaliwa za wachezaji wa mpira wa magongo wa barafuni, akakuta kuwa waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka ni wengi kupita kiasi.

Mfano ulio karibu zaidi na mpira wetu ni wa Harry Kane wa Uingereza. Akiwa mtoto wa miaka minane au tisa alikuwamo katika klabu ya Arsenal, na baada ya msimu mmoja tu akaachwa. Alizaliwa mwezi wa Julai, na Uingereza huhesabu mwaka wa masomo na wa mpira wa watoto kuanzia Septemba, kwa hiyo alikuwa miongoni mwa wadogo wa kundi lake. Mwaka 2023 mtoto huyo aliyeachwa ndiye aliyekuwa mfungaji bora wa timu ya taifa ya Uingereza katika historia yake yote. Yeye alipata klabu nyengine ya kumpokea. Mtoto wa Makunduchi au wa Konde akiachwa akiwa na umri huo, nani atakayemwendea tena?

Nchi zilizoendelea kimpira zimekwisha kulitambua hilo. Norwe iliweka kanuni za michezo ya watoto mwaka 1987, na kwa mujibu wa kanuni zake hakuna misimamo ya ligi kabla ya mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 11, wala ubingwa wa taifa kabla ya miaka 13. Asidhani mtu kuwa utaratibu huo huzaa wachezaji dhaifu. Erling Haaland, aliyefunga mabao 36 katika Ligi Kuu ya Uingereza msimu wa 2022/23, alilelewa katika mji mdogo wa Bryne wa nchi hiyo hiyo. Ujerumani nayo, kuanzia msimu wa 2024/25, imewaelekeza watoto walio chini ya miaka 11 kwenye viwanja vidogo na timu za wachezaji wachache, bila ya misimamo ya pointi.

Sisi nasi tunayo madaraja yetu ya Juvenile, Junior na Central, ambayo yamelea vijana wengi, na wanaoyaendesha kwa kujitolea wanastahili shukrani. Hata hivyo, kila mpenda mpira wa visiwa hivi anaijua aibu ya vijeba. Mwezi wa Aprili 2018 timu yetu ya vijana walio chini ya miaka 17, Karume Boys, iliondolewa katika mashindano ya CECAFA nchini Burundi kwa sababu ya wachezaji waliozaliwa kabla ya tarehe iliyowekwa. Tangu mwaka 2009, katika Kombe la Dunia la vijana wa umri huo, FIFA huchunguza kifundo cha mkono kwa mashine ya sumaku ili kutambua umri. Mfupa hausemi uongo. Ujeba hauanzii huko Burundi. Huanzia pale mtu mzima anapoona kuwa kombe la watoto ni heshima yake yeye, akampunguzia kijana miaka miwili na kumnyima mtoto wa haki nafasi yake.

Kwa hiyo tunawaomba wenye dhamana ya michezo na elimu, Unguja na Pemba, wayafikirie mambo manne. Kwanza, watoto walio chini ya miaka 12 wacheze watano kwa watano katika viwanja vidogo, bila ya msimamo, na kila aliyevaa jezi acheze angalau nusu ya mchezo. Pili, umri uthibitishwe kwa cheti cha kuzaliwa tangu siku ya kwanza ya kuandikishwa, si wakati wa safari. Tatu, ratiba iheshimu skuli na chuo, ili mzazi asilazimike kuchagua baina ya Kurani na mpira. Nne, wasichana wapewe nafasi hiyo hiyo. Tanzania iliuridhia mwaka 1991 Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao kifungu chake cha 31 kinamtambulia kila mtoto haki ya kupumzika na kucheza.

Hatusemi kuwa watoto wasishindane. Watoto hushindana hata katika kukimbilia dukani, na mwenye kushindwa hujifunza kustahamili. Tunasema ushindani wao uwe wao, wenye kuanza alasiri na kwisha magharibi, mpaka wafikie umri wa kuubeba ule wa wakubwa.

Wakulima wetu wa minazi wanalijua somo hili bila ya kufundishwa. Kidaka huwa kitale, kitale huwa dafu, dafu huwa koroma, ndipo ipatikane nazi. Anayepanda mnazi kuchuma kitale haibi nazi ya mtu, bali anaiharibu yake mwenyewe, na akirudi jikoni hana tui. Yule mtoto mwenye jezi safi pale pembeni ni kitale cha visiwa hivi. Jumapili ijayo, mwalimu, mwingize uwanjani.