Je, Wajua? Rosa hakuteswa ovyo

Riwaya ya *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, iliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania. Wakubwa waliona ngono tu. Kinachomshika msomaji, hata hivyo, ni jinsi mwandishi anavyomtesa Rosa moyoni, kidogo kidogo, kuanzia nyumbani kwao kisiwani Ukerewe.

Yote yanaanza na barua. Zakaria, baba yake mlevi, anagundua kwamba kijana amemwandikia bintiye, na kipigo kinachofuata si cha kusimulia. Tangu hapo Rosa anawaogopa wavulana. Akishakuwa mbali na macho ya baba, woga ule ule unageuka kiu. Kezilahabi hamwangushii msichana radi kutoka mbinguni: jeraha linazaa uamuzi, uamuzi unazaa jeraha jingine, mpaka mchumba anamkataa kwa kuwa si bikira, naye anajiua.

Kinyume na Kezilahabi, waandishi chipukizi wengi hurundika misiba tu. Mama kafa, nyumba imeungua, mchumba katoroka, yote kabla ya ukurasa wa kumi, na msomaji hatoi hata chozi moja. Atalia vipi? Mhusika hajapewa nafasi ya kutaka kitu, wala ya kukikosa kwa mkono wake mwenyewe.

Na Rosa hapumziki hata kaburini. Mwishoni mwa riwaya anasimamishwa pamoja na Zakaria mbele ya Mungu, baba na binti wakilaumiana.