MARADHI YA KUSAHAU YANAYORITHIWA KATIKA UKOO

Watu wengi huuhesabu usahaulifu kuwa ni ada ya uzee. Hata hivyo, iko aina ya nadra ya maradhi ya alzaima inayompata mtu angali na nguvu za kazi, aghalabu baina ya miaka 30 na 60, nayo hurithiwa. Chanzo chake kikubwa ni hitilafu katika jeni iitwayo PSEN1, iliyogunduliwa mwaka 1995. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuirithi. Na aliyeirithi ni nadra kusalimika. Dawa ya kuyaponya haijapatikana.

Kaskazini mwa jimbo la British Columbia, nchini Canada, ukoo mkubwa wa wenyeji wa asili, wakaao mbali na hospitali kuu, umefikwa na mtihani huo. Mwaka 2011 wataalamu walichapisha maelezo juu ya uzito wa kuwapa nasaha watu hao. Kipimo cha damu kipo, lakini jibu lake si la mtu mmoja. Mjukuu akipatikana na hitilafu iliyomuua babu yake, hapo hapo hujulikana kuwa mzazi wake aliye kati anayo pia, hata kama mzazi huyo hakutaka kujua. Kwa hivyo nasaha hutangulia kipimo, wala halazimishwi mtu kupimwa.

Aidha, imani ya wenyeji kwa watafiti ilikwisha kutiwa doa. Katika miaka ya 1980, watu 883 wa kabila la Nuu-chah-nulth, katika jimbo hilo hilo, walitoa damu kwa uchunguzi wa maradhi ya viungo. Baadaye damu hiyo ilitumiwa katika tafiti nyengine bila ya ridhaa yao, nayo haikurejeshwa ila mwaka 2004. Mwaka 1998 wenyeji wa asili wa Canada waliweka misingi ya kumiliki na kusimamia wenyewe taarifa zao. Mwaka 2017 sheria ya nchi ilikataza kumlazimisha mtu kupimwa jeni ili apate bima au mkataba.

Hivyo basi, msaada wa kweli kwa jamii kama hiyo si kipimo pekee. Ni nasaha iliyo karibu na lugha ya watu, siri iliyohifadhiwa, nafuu kwa anayeuguza, na malezi ya watoto ambao mzazi wao yu hai lakini hawatambui tena.

Mtu wa makamo anayeanza kupotewa na kumbukumbu asichekwe wala asisingiziwe uvivu au uchawi. Apelekwe kwa daktari mapema.