Pedali ikilegea, usiongeze mafuta tu: Toa hewa

MFANYABIASHARA anayepakia nyanya au samaki Busia alfajiri hukagua mzigo, karatasi za forodha na matairi. Breki huikumbuka akiwa tayari kwenye mteremko wa Maseno, gari likishuka kuelekea Kisumu. Kwa anayetoka Tororo kupitia Malaba, klachi ndiyo huumia, kwani foleni ya malori husogea hatua kwa hatua.

Katika magari mengi, breki na klachi huendeshwa kwa mafuta. Mafuta hayabanwi kirahisi, hivyo nguvu ya mguu hufika gurudumuni. Hewa hubanwa. Ikiingia kwenye bomba, pedali hulegea kama sponji, na gia huingia kwa kukwaruza.

Mafuta ya breki pia hunyonya unyevu. DOT 4 mapya hayachemki kabla ya nyuzi joto 230, lakini yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye 155. Mvuke wake hulegeza pedali sawa na hewa.

Kazi hii inaweza kufanyika nyumbani na watu wawili. Andaa spana, mpira mwembamba unaoonyesha ndani, chupa, na mafuta mapya ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kitangi. Egesha penye usawa na uzuie matairi kwa mawe. Ukiinua gari, jeki peke yake haitoshi, weka stendi.

Kwa kawaida huanza gurudumu lililo mbali zaidi na kitangi, ambalo kwa magari yetu ya usukani wa kulia ni la nyuma kushoto. Hata hivyo, fuata kitabu cha gari. Chomeka mpira kwenye skrubu ya kutolea hewa, ncha nyingine izame katika mafuta ndani ya chupa. Mwenzako akanyage pedali mara kadhaa, kisha aishikilie chini. Fungua skrubu, mafuta na mapovu yatoke, ifunge, ndipo aachie. Akiachia mapema, hewa hurudi ndani. Rudia hadi mapovu yaishe, na usiache kitangi kikauke.

Klachi hufuata njia hiyohiyo, skrubu yake ikiwa kwenye silinda ndogo kando ya giaboksi. Pedali ikibaki chini, iinue kwa mkono.

Mafuta haya hubabua rangi ya gari, kwa hiyo yakimwagika osha mara moja kwa maji. Yaliyotoka usiyarudishe.

Ikiwa kitangi hupungua kila wiki, kuna mahali panapovuja au pedi zimeisha. Kutoa hewa hakutaponya. Hewa ikinasa katika kifaa cha ABS, huenda ikahitaji mashine ya fundi.

Ukimaliza, washa injini na ukanyage. Pedali iwe ngumu, isishuke polepole. Jaribu uani kwa mwendo mdogo, gari likiwa tupu. Ikilegea tena, mzigo usubiri na fundi aitwe.