Kabla Jua Halijachomoza: Asubuhi ya Mtoto Mwenye ADHD Sumbawanga

Mwezi Julai, shule zinapofunguliwa baada ya likizo, jua la Sumbawanga huchomoza saa moja asubuhi ikiwa imeshapita. Saa za Tanzania nzima ni zilezile, lakini mji huu uko magharibi mno, kwa hiyo Dar es Salaam hupambazukiwa kama nusu saa mapema. Tena uwanda wa Ufipa, ulipo mji huu, uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya majira hayo haina mchezo. Mtoto wa shule ya msingi huamshwa gizani, anawe, avae sare na sweta, anywe uji, awahi usafi na mstari.

Mwenye ADHD, hali inayomfanya mtoto apate shida kutulia na kumakinika, hukwama hapo.

Chukua mfano wa mwanafunzi wa darasa la pili. Mama yuko jikoni anakoroga uji wa ulezi, anapaza sauti: "Vaa soksi, chukua daftari, njoo unywe uji!" Mtoto anaitika, anaingia chumbani. Muda unapita, kimya. Anakutwa kakaa kitandani, soksi moja mguuni, nyingine kaivaa mkononi anaichezesha kama nyoka. Daftari hata hajaligusa. Mama anafoka, mtoto analia, na kaka mtu anayesubiri mlangoni naye anachelewa.

Majirani watasema ni mtukutu, au kadekezwa. Ukweli ni kwamba ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo, na inakadiriwa kumpata mtoto mmoja katika kila 20 duniani. Mara nyingi hurithiwa. Hailetwi na malezi mabaya wala kurogwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa gamba la ubongo wa watoto hawa huchelewa kukomaa kwa wastani wa miaka mitatu hivi, hasa sehemu za mbele zinazosaidia kupanga mambo na kujizuia. Ukimpa maagizo matatu kwa mpigo, la kwanza hushika, mengine humponyoka. Wengi wao pia huchelewa kupata usingizi, basi kuamka ni shughuli nyingine.

Kwa hiyo kazi za asubuhi zihamishiwe jioni. Sare ipigwe pasi, viatu vipakwe rangi, begi lifungwe na kuwekwa mlangoni kabla ya kulala, na saa ya kulala isibadilike-badilike. Ukutani pabandikwe michoro minne tu: kunawa, kuvaa, kunywa uji, kubeba begi. Hata asiyejua kusoma ataifuata.

Agizo litolewe moja moja, na si kwa kupaza sauti kutoka jikoni. Mzazi amsogelee, amguse bega, wakitazamana amwambie, naye arudie alichoambiwa. Akitimiza, asifiwe papo hapo kwa jambo lenyewe: "Umevaa soksi zote mbili mwenyewe, vizuri sana." Zawadi ya mwisho wa mwezi iko mbali mno kwake, dakika chache za kucheza kabla ya kutoka zina nguvu zaidi. Runinga na simu vibaki vimezimwa.

Mwalimu naye aambiwe mapema. Akimkalisha mbele, mbali na dirisha, na kumtuma kufuta ubao anapoanza kuhangaika, siku hupungua ugumu. Kanuni za nchi huruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa makosa makubwa ya nidhamu, kwa idhini ya mwalimu mkuu. Lakini fimbo haiuharakishi ubongo kukomaa. Wasichana waangaliwe zaidi: wengi hawarukiruki, hukaa kimya mawazo yakiwa mbali, na hakuna anayeshtuka.

Si kila asiyetulia ana ADHD. Dalili huanza kabla ya miaka 12, hudumu angalau miezi sita, tena huonekana nyumbani na shuleni. Hakuna kipimo cha damu cha kuithibitisha. Mtoto asiyesikia vizuri, asiyeona ubaoni, au mwenye kifafa cha kuduwaa anaweza kudhaniwa anayo, hivyo hayo hupimwa kwanza. Dawa zipo, huandikwa na mtaalamu. Kwa walio chini ya miaka 6 hutangulizwa mafunzo kwa wazazi. Anayempeleka mwanawe hospitali ya rufaa ya mkoa abebe maelezo ya mwalimu kwa maandishi, pamoja na madaftari ya mtoto, kwani daktari atahitaji kujua anavyokuwa darasani.