Koki Isiyokubali Kuharakishwa

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Wachaga waliyalinda maji pale yanapogeuziwa. Mfongo, yaani mfereji wa maji, ulikuwa na wazee wake, zamu zake na faini zake. Aliyezibua banio usiku nje ya zamu alikuwa na kesi asubuhi, maana jirani wa chini alikuta nduwa yake, bwawa la kulimbikizia maji, haijajaa.

Siku hizi sehemu nyingi duniani banio ni koki inayozungushwa na mota, na mota inatii kompyuta. Anayedukua amri hiyo anayashika maji yenyewe. Mwaka 2000, huko Maroochy, Australia, fundi aliyewahi kufanya kazi katika kampuni iliyofunga mitambo ya majitaka aliziamuru pampu kwa kompyuta na redio. Takriban lita 800,000 za kinyesi zilimwagika hadi kwenye bustani na mito.

Turudi Kilimanjaro: mji wa Moshi unakunywa maji ya chemchemi kama Nsere na Shiri, na mteremko una hatari yake. Kila mita 10 za kushuka huongeza karibu baa 1 ya presha. Sasa chukua bomba la chuma la kilomita 3, maji yakienda mita 1.5 kwa sekunde. Koki ikifungwa ghafla, wimbi la presha hukimbia karibu kilomita moja kwa sekunde, hugonga juu na kurudi baada ya kama sekunde 6. Koki iliyofungwa kabla ya hapo hulitwisha bomba baa 15 za ziada. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 itamshughulikia mdukuzi akikamatwa. Bomba litakuwa limeshapasuka.

Kinga mojawapo ni kuyauliza maji. Koki imeamriwa ifunguke nusu: je, mita ya kupimia maji kule chini inakubali? Lakini mita nazo hudanganywa. Stuxnet, kirusi kilichogunduliwa 2010, kiliharibu mashine za nyuklia za Iran huku kikiwaonyesha wasimamizi vipimo vya zamani vilivyorekodiwa. Mwaka 2009 Yilin Mo na Bruno Sinopoli walikuwa wamependekeza dawa: amri itikiswe kidogo kidogo bila mpangilio, na mtikisiko usipoonekana kwenye mita, vipimo hivyo ni vya kughushi.

Ni hesabu nzuri, ila mimi ningeanza na gia. Gia nzito inayochukua dakika kadhaa kufunga koki haina neno la siri la kuibwa. Wahandisi wanaoandaa zabuni za koki za mota mlimani waandike muda huo kwenye mkataba, na siku ya makabidhiano waupime kwa saa ya mkononi.