Upepo ulipita, mayi njo iliua watu

Bashofere wenye kupeleka mukuba na kobalti wanajua jina la Beira. Njia moja inatoka Kasumbalesa, inavuka Zambia na Zimbabwe, inaishia ku bandari ile ya Msumbiji. Usiku wa tarehe 14 mwezi wa tatu 2019, kimbunga Idai kiliingia mu inchi kavu pale pale. Kule Amerika banaita uragani, ku Bahari ya Hindi siklone, shi kitu ni kimoja.

Idai haikuwa mgeni. Siku za kwanza za mwezi ule ilikwisha kuleta mvua kali mu Malawi na Msumbiji, ikarudi ku bahari, ikakamata nguvu ku mayi ya moto, kisha ikarudia na upepo wa zaidi ya kilometa 160 kwa saa. Malata iliruka, nguzo za umeme zilianguka, simu ikakatika. Asubuhi, muji wa watu karibu 500 000 haukuwa tena na namna ya kuita msaada.

Lakini upepo hauko njo uliua wengi. Mvua iliendelea kunyesha ku milima ya Zimbabwe, mayi ikashuka mu mito Buzi na Pungwe. Ilifika kisha siku kadhaa, wakati watu waliwaza ya kama mambo imekwisha, wanaokota malata yao. Wachimbaji wanajua jambo hii: mvua inanyesha mbali, kwenu jua inawaka, na shimo inajaa. Mu bonde ya Buzi, watu walipanda ku mapaa na ku miti, batoto mu mikono, bila chakula, wakingojea helikopta ao mtumbwi. Barabara ya makamio ilikatika.

Ku Chimanimani, upande wa Zimbabwe, mlima njo ulishuka. Mawe na udongo vilifunika nyumba za Ngangu na Kopa usiku. Maiti zingine zilibebwa na mito mpaka Msumbiji; watu wa kule, wao pia wenye msiba, wakazizika bila kujua majina. Mamia hawakuonekana tena. Kukaa ku kilio bila maiti: mu familia zetu kuko wenye kujua maana yake, tangu siku shimo ilianguka na mtu wao hakutolewa. Hakuna kaburi ya kupeleka batoto. Karatasi ya kifo inakuwa shida, na bila karatasi mjane anazungushwa tu.

Mu inchi tatu waliokufa walipita 1 000, zaidi ya 600 mu Msumbiji peke yake.

Na mahindi ilikuwa karibu kuvunwa. Mayi ilibeba mashamba ya hektari zaidi ya 700 000, ni kusema bukari ya mwaka mzima. Visima vikachafuka, mbele mwezi wa tatu uishe, kolera ikaingia Beira, wagonjwa wakapita 6 000. Hapa tuseme ukweli: chanjo ilikuja mbio, na waliokufa na kolera hawakufika kumi.

Tarehe 25 mwezi wa ine, watu wa Beira wangali mu mahema, kimbunga kingine, Kenneth, kilipiga kaskazini ya inchi ile ile, kule Cabo Delgado.